Nyumba Inapopasuka kwa Sababu ya Udongo Mweusi: Anza na Maji, Kisha Msingi

Katika nyumba nyingi za Ruiru, Juja na viunga vya Thika, ufa una msimu wake. Mwezi wa Februari, jua likiwa kali, sarafu inaingia ndani ya ufa uliotoka kwenye kona ya dirisha. Kufikia Mei, baada ya mvua za masika, ufa huo umejifunga, lakini sasa mlango wa chumba cha kulala umekwama. Mwenye nyumba anaita fundi, ufa unajazwa saruji na kupakwa rangi. Msimu ukigeuka, ufa unarudi, na mara nyingi unarudi ukiwa mpana zaidi.

Familia nyingi hurudia kazi hiyo mwaka baada ya mwaka. Nyingine huogopa na kuvunja ukuta mzima, halafu ukuta mpya nao unapasuka. Pesa zinaisha bila chanzo kuguswa, kwa kuwa chanzo kiko chini ya nyumba, kwenye udongo unaovimba na kusinyaa. Makala haya yanaeleza udongo huo hufanya nini, jinsi ya kuusoma ufa, na ni kwa utaratibu gani nyumba iliyokwisha kuharibika inaweza kurekebishwa. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: dhibiti maji kwanza, pima, kisha ndipo uguse msingi.

Udongo huu hufanya nini

Udongo mweusi wa pamba ni aina ya mfinyanzi. Jina hilo lilitoka India, ambako pamba hulimwa kwenye udongo kama huu. Ndani yake mna madini yanayoitwa montimorilonaiti, yaliyojipanga kama kurasa nyembamba za kitabu. Maji yakiingia kati ya kurasa hizo, udongo huvimba. Maji yakikauka, kurasa hukaribiana na udongo husinyaa. Ndiyo maana wakati wa kiangazi shamba la udongo mweusi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mtoto, na wakati wa mvua shamba hilo hilo hugeuka matope yanayong'ang'ania gumboti.

Nguvu ya kuvimba si ndogo. Udongo wa aina hii ukilowa huku umezuiwa kupanuka, unaweza kusukuma juu kwa nguvu inayozidi uzito wa nyumba isiyo na ghorofa. Kwa sababu hiyo, ukuta wa ua, choo cha nje na nyumba nyepesi ya mabati hupasuka mapema, huku jengo zito la jirani likionekana salama.

Tatizo si la Kiambu pekee. Mwaka wa 1973 wahandisi wawili wa Marekani, Earl Jones na Wesley Holtz, waliandika kwamba udongo unaovimba husababisha hasara kubwa zaidi kwa majengo na barabara nchini mwao kila mwaka kuliko mafuriko, vimbunga na matetemeko ya ardhi yakijumlishwa. Walilieleza kuwa janga lililojificha, kwa kuwa halitokei siku moja wala haliui watu wengi kwa mkupuo. Linakula nyumba polepole.

Kwa nini huku na si kule

Kwa jumla, nyanda za juu za magharibi mwa kaunti yetu, zinazoteremka kutoka milima ya Aberdare, zina miteremko inayopitisha maji haraka. Huko udongo ni mwekundu na hautembei sana. Ukishuka kuelekea mashariki, ardhi inakuwa tambarare na maji yanatuama. Kwenye tambarare hizo ndiko udongo mweusi ulikojijenga kwa maelfu ya miaka. Juja Farm ni mfano unaojulikana na wengi, na tambarare hiyo inaendelea hadi kaunti jirani.

Lakini mpaka wa udongo haufuati jina la mtaa. Ploti moja inaweza kuwa na udongo mwekundu mbele na mweusi nyuma. Ploti mbili zinazopakana zinaweza kutofautiana, moja ikifika kwenye murramu au mwamba kwa nusu mita, nyingine ikihitaji mita mbili au zaidi.

Mashamba mengi ya kahawa na katani ya zamani yamegawanywa kuwa ploti, hasa tangu Barabara Kuu ya Thika ilipokamilishwa mwaka wa 2012. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru pekee. Nyumba nyingi zilijengwa haraka, na baadhi ziliwekwa kwenye msingi wa kina kifupi ambao ungetosha kabisa kwenye udongo mwekundu.

Soma ufa kabla ya kuuziba

Si kila ufa unatokana na udongo. Plasta iliyokauka haraka hutoa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na hizo hazina madhara kwa jengo. Dalili za udongo unaotembea ni hizi:

- Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya mlango au dirisha na kupanda kama ngazi kufuata viungo vya mawe.
- Ufa unaoonekana ndani na nje ya ukuta mahali pale pale.
- Ufa unaopanuka wakati wa kiangazi na kujifunga wakati wa mvua, au kinyume chake.
- Sakafu iliyoinuka katikati ya chumba, au iliyoachana na ukuta pembeni.
- Milango na madirisha yanayokwama msimu mmoja na kulegea msimu mwingine.

Umbo la ufa pia lina habari. Ufa ulio mpana juu kuliko chini mara nyingi huonyesha kwamba kona ya nyumba imezama au katikati imeinuka. Ufa ulio mpana chini kuliko juu mara nyingi huonyesha kwamba kingo za nyumba zimeinuka, au katikati imezama.

Pima upana. Wahandisi wengi hufuata kipimo kilichotoka Uingereza: ufa wa hadi milimita 1 ni mdogo sana, hadi milimita 5 unazibika kwa urahisi, kati ya milimita 5 na 15 ni uharibifu wa wastani unaohitaji kuchunguzwa, na kuanzia milimita 15 kwenda juu ni uharibifu mkubwa unaohitaji kutengenezwa sehemu za ukuta.

Chukua penseli, chora mstari mdogo kwenye kila ncha ya ufa na uandike tarehe. Pima upana mahali pale pale kila mwisho wa mwezi na uandike kwenye daftari. Piga picha ukiwa umeweka rula kando. Kwa kuwa sehemu zetu zina mvua za masika kati ya Machi na Mei na mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba, vipimo vya miezi 12 hupitia misimu yote. Daftari hilo litamsaidia mhandisi kuliko maelezo marefu ya mdomo, na litakuonyesha kama hali inatulia au inaendelea kuharibika.

Hatua ya kwanza: dhibiti maji

Nyumba haiharibiwi na udongo kuwa mkavu au kuwa na maji peke yake. Inaharibiwa na mabadiliko, na zaidi pale upande mmoja unapolowa huku mwingine umekauka. Ukiweza kuufanya unyevu chini ya nyumba ubaki karibu sawa mwaka mzima, mwendo hupungua sana. Kazi hii ni ya gharama ndogo kuliko nyingine zote na nyumba nyingi hutulia kiasi cha kutosha hata bila kuvunjwa popote.

*Maji ya paa.* Weka gata pande zote na uelekeze maji kwenye tangi au mfereji ulio mbali na ukuta. Paa lisilo na gata humwaga maji yote kwenye mstari mmoja, juu ya msingi kabisa.

*Mteremko wa ardhi.* Ardhi inayoizunguka nyumba iteremke kwenda nje. Kipimo kizuri ni kushuka sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Tumia udongo mwekundu au murramu iliyoshindiliwa. Usitumie udongo mweusi uliochimbwa hapo hapo.

*Sakafu ya nje.* Jenga ukanda wa zege kuizunguka nyumba, wenye upana wa mita 1 hadi 1.5, unaoteremka kwenda nje, na uweke karatasi nzito ya nailoni chini yake. Ukanda huu huzuia mvua kuingia karibu na msingi na huzuia jua kuukausha udongo wa kingoni. Acha nafasi nyembamba kati ya ukanda na ukuta na uizibe kwa kizibio kinachonyumbulika, ili ukanda ukisogea usisukume ukuta.

*Mabomba.* Bomba linalovuja chini ya sakafu linaweza kuinua chumba kimoja peke yake. Funga mifereji yote ya maji usiku, soma mita, kisha uisome tena asubuhi kabla ya mtu yeyote kutumia maji. Namba zikiwa zimesonga, kuna mvujo. Mvujo ulio upande wa bomba kuu, kabla ya mita yako, upeleke kwa kampuni ya maji inayokuhudumia: Thiwasco kwa Thika au Rujwasco kwa Ruiru na Juja.

*Maji taka.* Maji ya bafu na jikoni yasimwagwe nyuma ya nyumba. Shimo la kunyonya maji taka likiwa karibu na msingi hulowesha upande mmoja mwaka mzima, na upande huo huinuka. Lihamishe mbali na nyumba, kwenye upande wa bondeni wa ploti.

*Bustani na miti.* Sukuma wiki na migomba inayomwagiliwa ukutani hulowesha msingi. Miti mikubwa hufanya kinyume: mikaratusi hunyonya maji mengi na kuukausha udongo kwa mbali. Kanuni rahisi ni kupanda mti mbali na nyumba kwa umbali usiopungua urefu ambao mti huo utafikia. Kama mti mkubwa tayari uko karibu, uliza mhandisi kabla ya kuukata. Mti ukiondolewa ghafla, udongo uliokuwa mkavu hulowa tena na unaweza kuinua nyumba.

Baada ya kazi hizi, endelea kupima. Ipe nyumba kiangazi kimoja na msimu mmoja wa mvua kabla ya kuamua kuvunja chochote, isipokuwa kuna dalili za hatari tulizozitaja mwishoni mwa makala haya.

Hatua ya pili: chimba shimo la uchunguzi

Vipimo vikionyesha kwamba nyufa bado zinapanuka, ni wakati wa mhandisi wa ujenzi aliyesajiliwa. Kazi yake ya kwanza ni kujua nyumba imekaa juu ya nini. Shimo dogo huchimbwa kando ya ukuta hadi chini ya msingi. Hapo huonekana mambo matatu: kina cha msingi, unene wa zege lake, na kama lilifika kwenye murramu au mwamba au liliachwa likielea ndani ya udongo mweusi.

Sampuli ya udongo hupelekwa maabara. Kipimo kimoja rahisi ni kuweka unga wa udongo mkavu ndani ya mrija wa maji na kuona unavimba kiasi gani. Udongo unaoongezeka ujazo kwa zaidi ya asilimia 100 huchukuliwa kuwa unaweza kuharibu hata nyumba nyepesi.

Hatua ya tatu: chagua ukarabati unaofaa

*Kushona ufa.* Nyumba ikishatulia, ufa wa ukuta wa mawe hushonwa. Viungo vya mawe hukwanguliwa pande zote mbili za ufa kila baada ya safu kadhaa, nondo nyembamba hulazwa humo na kufunikwa kwa mota imara. Kushona hurudisha nguvu ya ukuta. Hakuzuii udongo kutembea, kwa hiyo kufanya kazi hii kabla ya kudhibiti maji ni kupoteza pesa.

*Kushusha msingi.* Kama msingi uliishia ndani ya udongo mweusi, unaweza kuongezewa kina kwa kuchimba chini yake na kumwaga zege jipya hadi kwenye tabaka gumu. Kazi hii hufanywa kwa vipande vifupi vya mita 1 hadi 1.5. Vipande vinavyopakana havichimbwi kwa wakati mmoja. Kipande cha kwanza kikishakomaa na nafasi iliyo kati ya zege jipya na la zamani kushindiliwa mota kavu, ndipo kipande kingine kinafunguliwa. Fundi anayetaka kufungua upande mzima wa nyumba kwa siku moja ili amalize haraka anahatarisha maisha ya watu, yake yakiwamo.

*Sakafu mpya.* Mara nyingine kuta zimesimama vizuri na tatizo ni sakafu inayoinuka. Sakafu hiyo huvunjwa, udongo mweusi ulio chini yake huondolewa, na murramu au mawe ya kujazia hushindiliwa kwa tabaka. Pale udongo mweusi ni wa kina kirefu, mhandisi anaweza kuchora slabu yenye nondo inayobebwa na kuta na kuacha nafasi tupu chini yake, ili udongo uvimbe bila kuigusa.

*Kizuizi cha unyevu.* Mtaro mwembamba wenye karatasi nzito ya nailoni au zege, uliochimbwa kuizunguka nyumba, hupunguza mwendo wa maji kuingia na kutoka chini ya msingi. Hufaa pamoja na ukanda wa zege.

Gharama ya kazi hizi hutegemea zaidi kina cha udongo mweusi na nafasi ya kufikia msingi. Usikubali bei ya jumla ya mdomo. Omba orodha inayoonyesha kila kazi, kipimo chake na bei yake, kutoka kwa wajenzi wasiopungua wawili, wakitumia mchoro mmoja wa mhandisi. Hapo ndipo utaweza kulinganisha.

Makosa ya kuepuka

Usizibe ufa kwa saruji ngumu wakati umepanuka kabisa. Msimu ukigeuka ukuta hautakuwa na pa kurudi, nao utapasuka mahali pengine. Usiongeze ghorofa juu ya nyumba inayotembea ukidhani uzito utaituliza. Kuta na msingi wake havikupangiwa mzigo huo. Usirudishe udongo mweusi kujaza mitaro ya msingi kwa sababu uko karibu na ni wa bure. Na usimwage maji kwa makusudi kwenye nyufa za ardhi ili "zijifunge", kwani utainua upande mmoja tu.

Kibali, mhandisi na mjenzi

Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, ujenzi unahitaji kibali cha serikali ya kaunti. Anayeendelea bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, au kufungwa kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Kazi yoyote itakayogusa msingi, nguzo au kuta zinazobeba uzito iwasilishwe kwenye ofisi ya mipango ya kaunti ndogo au manispaa yako kabla ya kuanza, ikiwa na michoro iliyotiwa saini na mhandisi.

Hakikisha mhandisi amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi Kenya, na mjenzi amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Ni haki yako kuomba kuona cheti na kukithibitisha kabla ya kulipa hata shilingi moja. Mpangaji naye asikae kimya. Andika tarehe na picha za nyufa, umpe mwenye nyumba kwa maandishi na ubaki na nakala.

Wakati wa kutoka nyumbani

Nyumba nyingi zilizopasuka kwa sababu ya udongo hazianguki. Hata hivyo, ondoka na uwaondoe watoto na wazee mara moja ukiona ufa unapanuka ndani ya saa au siku chache, ukuta ulioinama au kubenuka, boriti au slabu iliyoachana na ukuta, au ukisikia milio ya kupasuka. Usirudi kuchukua vyombo. Mjulishe msimamizi wa wadi au ofisi ya kaunti ndogo, na uwaonye majirani wanaotumia ukuta huo au njia iliyo kando yake.

Kwa anayenunua ploti au kuanza kujenga

Kuzuia ni nafuu kuliko kurekebisha. Kabla ya kulipia ploti, omba ruhusa ya kuchimba mashimo mawili au matatu, kwenye kona tofauti, hadi ufikie murramu au mwamba. Chukua vipimo vya kina cha udongo mweusi na uviweke kwenye hesabu yako pamoja na bei ya ardhi. Ploti ya bei rahisi yenye mita 2 za udongo mweusi inaweza kuwa ghali kuliko ya jirani pindi msingi utakapokamilika.

Katika ujenzi, njia ya kawaida ni kuondoa udongo mweusi wote chini ya nyumba na kujaza mawe na murramu iliyoshindiliwa. Pale ambapo kina ni kirefu mno, mhandisi huchora msingi wa slabu nzima yenye nondo na boriti, au nguzo zinazofika kwenye tabaka gumu. Uamuzi huo ufanywe kwa kuangalia shimo la ploti yako. Msingi uliomfaa ndugu yako wa Gatundu kwenye udongo mwekundu hauwi kigezo cha Juja.

Kwa mwenye nyumba ambayo tayari ina nyufa, kuna kazi tatu za wiki hii ambazo hazihitaji mkopo. Weka alama na tarehe kwenye kila ufa. Soma mita ya maji usiku na asubuhi. Kisha mvua itakaponyesha, toka nje na mwavuli uone maji ya paa lako yanaelekea wapi. Yakiishia kwenye ukuta, umejua pa kuanzia.